Picha iliyopigwa na mshindi: namna ya kuichunguza na kuiandikia maelezo

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau walioasi utawala wa Uingereza nchini Kenya, alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amepigwa risasi ya mguu. Picha yake akiwa amelala juu ya machela, mikono katika pingu, koti la ngozi ya chui mwilini na nywele ndefu zilizosokotana kichwani, ilichapwa katika vipeperushi zaidi ya 120,000. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyovichapa na kuvisambaza, ili wapiganaji waliobaki msituni na wanavijiji waliokuwa wakiwapelekea chakula wakate tamaa. Leo picha hiyohiyo hutundikwa madarasani na kuwekwa mitandaoni kwa nia ya kumheshimu, na mara nyingi chini yake pana jina na mwaka tu. Mwanafunzi anayeitazama anafundishwa kile kile alichotakiwa kufundishwa aliyeokota kipeperushi mwaka 1956: mtu huyu ameshindwa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mtunzaji wa makumbusho ndogo, mhariri wa kitabu cha shule, au mtu anayeandaa bango la Siku ya Mashujaa. Unahusu picha za Waafrika na watu wenye asili ya Afrika walioongoza au kushiriki maasi dhidi ya wakoloni, Kenya, Malawi, Zimbabwe, Haiti, Jamaika na kwingineko. Picha nyingi za namna hii zilitengenezwa na upande ulioshinda, nazo zinaweza kutumika vizuri kabisa iwapo mtazamaji ataambiwa zilitoka wapi na zilikuwa na kazi gani.

Kabla ya yote: je, picha ya kamera iliwezekana?

Anza na swali hili kwa sababu linaokoa muda. Upigaji picha ulitangazwa kwa umma mwaka 1839. Mtu aliyefariki kabla ya hapo hana picha ya kamera, hata kama mtandao umejaa picha zake. Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti, alifia katika gereza la Fort de Joux, Ufaransa, tarehe 7 Aprili 1803. Boukman, mmoja wa walioanzisha maasi hayo ya Haiti, aliuawa mwaka 1791. Nanny, kiongozi wa Wamaruni (watumwa waliotoroka na vizazi vyao) wa Jamaika, aliishi karne ya 18. Uso wa Nanny ulio kwenye noti ya dola 500 ya Jamaika ni kazi ya msanii aliyemfikiria, na hakuna ubaya katika hilo, ila noti haiwezi kutumiwa kama ushahidi wa sura yake.

Baada ya 1839 usikimbilie kukubali pia. Kamera ilichelewa kufika sehemu nyingi, na ilipofika ilikuwa mikononi mwa maofisa, wamisionari na wafanyabiashara wa studio. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyechochea maasi ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani katika Tanzania ya leo, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, wakati kamera zilikuwapo Afrika Mashariki ya Kijerumani, lakini sura ambayo Watanzania wengi wanayo kichwani wameipata jukwaani na kwenye michoro ya vitabu. Ukikuta picha ya kamera yenye jina lake, dai ushahidi wa maandishi kwanza. Sura ya mzee yeyote wa Kiafrika wa mwaka 1900 haigeuki kuwa Kinjikitile kwa sababu mtu ameandika jina chini yake.

Vifaa

Kama una nakala halisi mkononi, andaa lenzi ya mkono inayokuza mara 10, rula ya milimita, glavu za nitraili, penseli laini ya 2B, tochi ndogo na daftari. Glavu za pamba hazifai sana kwa picha kwani zinateleza na nyuzi zake hunasa kwenye kingo zilizochanika. Kalamu ya wino isiwe juu ya meza kabisa.

Kama una faili tu, unahitaji kompyuta na programu ya kutafutia picha kwa picha, mfano TinEye au Google Lens. TinEye ina faida moja kubwa: unaweza kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi. Fungua matokeo matano ya mwanzo, usome kila moja limeandika nini. Mara nyingi utaona jina likizaliwa mbele ya macho yako: picha inaanza ikiwa "mfungwa, Afrika Mashariki", miaka miwili baadaye inaitwa "mpiganaji wa Maji Maji", halafu inapewa jina la mtu. Andika tarehe ambayo jina lilionekana kwa mara ya kwanza. Kama hakuna aliyeeleza amelitoa wapi, jina hilo lifute kwenye rasimu yako.

Kuitambua picha ni ya namna gani

Weka lenzi juu ya uso wa mtu pichani. Ukiona nukta ndogo zilizojipanga kwa safu, mkononi mwako una ukurasa uliochapwa, yaani nakala ya gazeti, kitabu au kipeperushi. Uchapaji wa nukta ulienea kuanzia miaka ya 1880 na 1890. Ukiona mistari iliyokatwa kwa mkono, huo ni mchoro wa kuchongwa kwenye mbao au chuma. Kabla ya nukta, magazeti ya Ulaya yaliajiri wachongaji waliochora upya picha waliyotumiwa, na mchongaji wa London ambaye hajawahi kufika Afrika alijaza mwenyewe kila asichokiona: mikuki, moshi, midomo, meno. Mchoro wa aina hiyo unaeleza mengi kuhusu wasomaji wa gazeti lile. Kuhusu uso wa mtu unaeleza kidogo sana.

Karatasi nyembamba ya rangi ya kahawia inayoelekea manjano, iliyogundishwa kwenye kadi ngumu, huwa imetengenezwa kwa ute wa yai; ni ya kati ya miaka ya 1850 na mwishoni mwa karne ya 19. Karatasi nzito yenye weusi uliokolea, ambayo mara nyingine inang'aa kifedha kwenye sehemu za giza ukiielekeza kwenye mwanga wa ubavuni, ni ya jelatini na fedha, na hiyo ndiyo iliyotawala karne ya 20. Picha iliyo juu ya bati inashikwa na sumaku.

Picha ya bati inahitaji tahadhari ya peke yake: huonyesha kulia kuwa kushoto, kwa sababu haina negativu, yaani filamu au kioo cha kuchapia nakala. Picha inayosemekana kuwa ya Paul Bogle, aliyeongoza maasi ya Morant Bay nchini Jamaika na kunyongwa Oktoba 1865, ni ya bati, na mpaka leo inabishaniwa kama ni yeye au mtu mwingine. Ukilinganisha picha ya bati na picha nyingine ya mtu yuleyule, ipindue kwanza kwenye kompyuta, vinginevyo kovu au mgawanyo wa nywele utakudanganya. Hata picha za karatasi huchapwa kinyume kwa bahati mbaya. Angalia maandishi, vifungo vya koti (koti la kiume la mtindo wa Ulaya hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu) na mkono unaoshika silaha.

Kadi za posta zinapimika kwa mgongo wake. Ujerumani iliruhusu mgongo uliogawanywa, yaani ujumbe kushoto na anwani kulia, mwaka 1905; Uingereza ilianza mwaka 1902. Kadi ya Kijerumani yenye mgongo usiogawanywa, inayouzwa kama "wafungwa wa Maji Maji 1906", lazima uiulize maswali. Inawezekana ni kadi ya zamani iliyobaki dukani. Inawezekana zaidi ni wafungwa wa vita vingine vilivyotangulia, au hata wapagazi na wafanyakazi wa kulazimishwa. Picha za watu waliofungwa minyororo shingoni huhamishwa kirahisi kutoka nchi moja hadi nyingine, maana mnyororo hauna kabila, na ndiyo maana zinastahili kuchunguzwa kuliko nyingine zote.

Nyuma na pembezoni

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wengi hawafiki.

Geuza picha. Nakili kila kitu kilichoandikwa nyuma kama kilivyo, pamoja na makosa ya tahajia: muhuri wa ofisi ya habari, namba ya negativu, jina la wakala, alama ya penseli ya mhariri inayoonyesha wapi pa kukata. Muhuri wa idara ya habari ya serikali ukiwepo, tayari umemjua mteja. Alama za kukatia zinaonyesha nini kilitolewa ili msomaji asikione.

Kisha tafuta nakala pana kuliko uliyo nayo. Ukipata ya Kimathi iliyokatwa ikabaki uso tu, unaona macho na nywele, unaambiwa huyu ni mtu wa porini. Ukipata pana zaidi unaona machela, pingu na jeraha, na swali linabadilika: nani aliamua kumpiga picha mtu anayevuja damu kabla ya kesi? Andika kwenye daftari nani yupo pembezoni, kasimama au kakaa, ana sare au hana, anatazama kamera au anamtazama mfungwa. Picha ya Nehanda Charwe Nyakasikana na Kaguvi, viongozi wa kiroho wa maasi dhidi ya walowezi wa Kiingereza katika Zimbabwe ya leo, iliyopigwa baada ya wote wawili kukamatwa mwaka 1897 na kabla hawajanyongwa mwaka 1898 huko Salisbury, ambayo leo ni Harare, inawaonyesha wamesimama sambamba wakiwa wafungwa. Hawakuchagua pa kusimama wala cha kuvaa. Sentensi hiyo moja ikikosekana kwenye maelezo, mtazamaji ataudhania uchovu wa nyuso zao kuwa ndiyo tabia yao.

Linganisha na picha ambayo mwenyewe aliikubali. John Chilembwe, mchungaji aliyeongoza maasi ya Nyasaland mwezi Januari 1915 na kuuawa tarehe 3 Februari mwaka huohuo, alipigwa picha mwaka 1914 akiwa na mmisionari Mzungu John Chorley. Chilembwe amevaa kofia. Mwafrika hakutakiwa kuvaa kofia mbele ya Mzungu, kwa hiyo kofia ile ilikuwa tamko, na kamera ikalitunza. Msanii wa Malawi Samson Kambalu aliitumia picha hiyo kutengeneza sanamu iliyosimama Trafalgar Square, London, kuanzia Septemba 2022 hadi 2024: Chilembwe ana urefu wa mita 5, Chorley ana kimo cha kawaida. Kwa kila mtu unayemwandalia maonyesho, tafuta kwanza picha ya namna hii: ya studio, ya harusi, ya shule, ya kanisa, ya kitambulisho cha kazi. Uliza kwa familia, kwenye parokia na kwenye kumbukumbu za misheni kabla ya kwenda kwenye faili za polisi.

Kutafuta aliyeitengeneza

Kwa makoloni ya Uingereza, anza na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi husika (Nairobi iko Moi Avenue), kisha hifadhi ya Kew, Uingereza. Huko mfululizo CO 1069 una picha za Wizara ya Makoloni, na FCO 141 una mafaili yaliyohamishwa kutoka makoloni wakati wa uhuru ambayo kuwepo kwake kulikubaliwa hadharani mwaka 2011. Jumba la Imperial War Museum, London, lina picha za jeshi kutoka Kenya wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau. Kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mkusanyiko wa picha wa iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani uko kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt na unafunguka mtandaoni.

Ukitafuta, tumia maneno yaliyotumika wakati ule, hata yale yanayochukiza: orodha za zamani ziliandikwa kwa "waasi", "magaidi" na "wachawi". Andika maneno hayo kwenye daftari. Kwenye ukuta yanaweza kuwekwa ndani ya alama za kunukuu yakifuatiwa na jina la aliyeyaandika, ila yasiwe kauli yako.

Halafu jiulize picha gani haipo. Wakati wa hali ya hatari Kenya, picha za nyumba za walowezi zilizoshambuliwa na Mau Mau zilizunguka dunia nzima, na raia wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa hukumu za mahakama walizidi 1,000, na sura zao karibu zote hazijawahi kuonekana hadharani. Mwalimu anayechagua picha kumi za kwanza anazozikuta mtandaoni anaurithi uwiano huo bila kujua. Ukiwa na ukuta wenye nafasi kumi, acha angalau mbili ziwe za maandishi: orodha ya majina, barua au ukurasa wa hukumu.

Kunakili

Picha ya sentimita 10 kwa 15 inatosha kuskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi. Utapata takriban pikseli 2,400 kwa 3,500. Kadi ndogo za karne ya 19 zenye milimita 64 kwa 100 ziskani kwa 1,200. Tumia hali ya rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwani rangi ya doa, wino wa muhuri na umanjano wa karatasi ni ushahidi. Skani mbele na nyuma, kingo zote zionekane, na rula iwe ndani ya fremu. Hifadhi kwa TIFF, kisha toa nakala ya JPEG ya kutumia. Picha iliyojikunja usiikandamize kwenye kioo cha skana. Itapasuka kwenye mkunjo. Ipige kwa kamera iliyo kwenye mguu, taa mbili zikiwa pembe ya digrii 45 kila upande.

Kuhusu kuongeza rangi na "kusafisha" kwa akili bandia, tuna msimamo mkali: usifanye kwa uso wa mtu wa kihistoria. Programu haijui rangi ya ngozi ya Nehanda wala upana wa pua ya Kaguvi. Inakisia kutokana na mamilioni ya nyuso ilizofundishwa nazo, na nyuso za Waafrika wazee wa karne ya 19 ni chache mno humo. Matokeo yake ngozi hupauka, makunyanzi hupotea na macho hupata mng'ao ambao haukuwepo. Baada ya miezi sita faili hiyo ndiyo inayotokea ya kwanza kwenye utafutaji, na nakala halisi inaonekana kama ndiyo iliyoharibika. Kurekebisha mwanga wa picha nzima kwa kiasi kidogo kunakubalika. Kufuta mkwaruzo unaopita usoni hakukubaliki, maana lazima ujaze kitu mahali pake.

Maelezo ya picha

Maelezo ya ukutani yawe na maneno 50 hadi 80. Ya mtandaoni yanaweza kufika 120. Yafuate mpangilio huu: nani na kwa uhakika gani, anafanyiwa au anafanya nini, wapi na lini, nani alitengeneza na kwa matumizi gani, nini kilimpata baadaye, picha imehifadhiwa wapi na kwa namba gani. La nne ndilo linaloachwa kila siku, na ndilo linalobadilisha namna macho yanavyosoma picha.

Mfano wa picha ya kamera:

"Dedan Kimathi baada ya kukamatwa, eneo la Nyeri, Oktoba 1956. Amejeruhiwa mguu kwa risasi na ametiwa pingu. Serikali ya kikoloni ya Kenya iliichapa picha hii katika vipeperushi zaidi ya 120,000 ili kuwavunja moyo wapiganaji wa Mau Mau na waliowasaidia. Kimathi alihukumiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa humo katika kaburi lisilo na alama."

Mfano wa mchoro:

"Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti, kama alivyochorwa na Nicolas Maurin, Ufaransa, 1832. Louverture alikuwa amekufa miaka 29 kabla. Hakuna picha ya uso wake iliyothibitika kuchorwa akiwa amekaa mbele ya mchoraji. Angalia taya na midomo ilivyosukumwa mbele: ndivyo wachoraji wengi wa Ulaya wa wakati huo walivyomchora mtu mweusi."

Viwango vya uhakika viwe vitatu tu: "ni", "inasemekana ni", na "sura ya kubuni ya". Ukianza kuandika "huenda labda inawezekana" msomaji anachoka na kuruka. Sentensi ziwe na mtendaji. "Alinyongwa na serikali ya kikoloni" ni bora kuliko "alifariki", na "waliuawa" bila kusema na nani ni nusu ya habari.

Kosa lingine ni kumpa mtu cheo kimoja cha milele. Maelezo yanayosema "shujaa" mara nne hayamsaidii mwanafunzi. Mwambie Chilembwe alijenga kanisa la matofali Mbombwe na serikali ikalilipua. Mwanafunzi atajua mwenyewe amwite nani.

Sanamu na noti

Sanamu nayo ni picha, tena ina nguvu kuliko karatasi, kwa sababu watu hupiga nayo picha na kuzisambaza. Kimathi alipata sanamu yake Nairobi, kwenye mtaa wenye jina lake, tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa, na miaka michache tu baada ya marufuku dhidi ya Mau Mau kuondolewa mwaka 2003. Ina urefu wa mita 2.1. Amesimama, kavaa mavazi ya kijeshi, bunduki mkono wa kulia na jambia mkono wa kushoto. Sanamu hiyo inaijibu machela moja kwa moja, kwa hiyo njia bora ya kuionyesha ni kuiweka kando ya picha ya 1956, kwa ukubwa uleule, kila moja na tarehe yake na jina la serikali iliyoilipia.

Harare ilikumbana na tatizo tofauti. Picha za sanamu ya Nehanda iliyokuwa inaandaliwa zilipoonekana Desemba 2020, wananchi walipinga: ilionyesha mwanamke kijana mwenye umbo la kupendeza, ilhali picha ya kamera iliyopigwa akiwa mfungwa inamwonyesha mama mtu mzima. Ilirekebishwa na kuzinduliwa tarehe 25 Mei 2021, kwenye makutano ya Samora Machel Avenue na Julius Nyerere Way. Sanamu ya Bogle iliyochongwa na Edna Manley na kuwekwa Morant Bay mwaka 1965 nayo ililalamikiwa kwamba haifanani naye. Kama kamati yako inaagiza sanamu au mchoro wa ukutani, mkataba utaje picha ya rejea kwa namba yake ya hifadhi, umri wa mtu atakaoonyeshwa nao, na kikao kimoja cha wazi cha kuonyesha udongo kabla ya shaba kumwagwa. Kubadilisha udongo ni kazi ya siku chache. Kubadilisha shaba ni kuanza upya.

Mtu asiye na picha halazimiki kupewa uso. Mnara wa kumbukumbu ya walioteswa wakati wa Mau Mau, uliozinduliwa bustani ya Uhuru, Nairobi, mwezi Septemba 2015, unamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula huku kila mmoja amegeuza uso pembeni, kwa maana aliyekamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Usiri ule ulikuwa ndio kazi yenyewe ya wanawake wale, na msanii aliheshimu hilo. Kwa bango la shule, mahali pa tukio, chungu, nguo au sentensi iliyosemwa mahakamani vinatosha.

Maiti, vichwa na mafuvu

Chifu Mkwawa wa Wahehe, aliyepigana na Wajerumani, alijiua mwezi Julai 1898 badala ya kukamatwa, kichwa chake kikakatwa. Fuvu lilitajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles na likarejeshwa mwaka 1954. Leo limo ndani ya kioo katika makumbusho ya Kalenga, Iringa. Wahehe wenyewe wamekubali kulitunza hivyo, na ruhusa yao ni ya pale Kalenga. Haikupi wewe ruhusa ya kulichapa kwenye bango au kulitumia kama picha ya juu ya makala. Kanuni ya kufuata: picha ya mabaki ya binadamu, ya mtu anayenyongwa au ya maiti haitumiki mpaka umezungumza na ukoo au wazee wa eneo, na hata wakikubali haiwekwi kwenye jalada, mlangoni, wala mahali ambapo mtoto ataikuta bila kuonywa. Nyingi zilipigwa ili ziuzwe kama ukumbusho kwa askari, na kuzisambaza upya ni kuendeleza biashara ile.

Kutundika

Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kwa shule ya msingi shuka hadi 120. Nakala halisi za zamani zipate mwanga usiozidi luksi 50 (kipimo cha mwangaza), mbali na dirisha. Ni salama zaidi kutundika nakala na kuhifadhi halisi kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Herufi za maelezo zisiwe chini ya pointi 24. Picha iliyotengenezwa na mshindi isiwe kubwa kuliko zote chumbani, na isiwe ya kwanza kuonekana mlangoni. Hilo huvunjwa sana, kwa kuwa picha za namna hiyo ndizo kali zaidi kwa macho.

Darasani, kipindi cha dakika 40 kinatosha kwa picha moja. Funika maelezo. Dakika 10 wanafunzi waorodheshe wanachokiona, bila kukisia. Dakika 10 waseme kamera ilisimama wapi na nani alikuwa nyuma yake. Funua maelezo, soma kwa sauti. Dakika 15 zinazofuata waandike upya maelezo kana kwamba yanatoka kwa dada au mama wa aliye pichani, kisha walinganishe. Dakika 5 za mwisho ziwe za maswali. Ukianza kwa kutoa jina, zoezi limekwisha kabla halijaanza: wataandika wanayoyajua kuhusu jina na hawataitazama picha.

Mtu akija kusema "huyu siye"

Atakuja. Weka fomu ya ukurasa mmoja: namba ya picha, anachodai, alijuaje, uhusiano wake na aliye pichani, tarehe. Kama ameleta picha nyingine, iskani mbele na nyuma palepale na umrudishie yake siku hiyohiyo. Usibadilishe maelezo kwa dai moja la mdomo, na usilitupe. Linganisha masikio kwanza, kwa sababu umbo la sikio la mtu mzima hubadilika kidogo kuliko nywele, ndevu au unene. Kisha kimo dhidi ya kitu kinachopimika kama mlango au bunduki. Dai likipata ushahidi wa pili, shusha kiwango kutoka "ni" hadi "inasemekana ni", andika tarehe ya mabadiliko kwenye pembe ya chini ya maelezo, na utume nakala ya maelezo mapya kwa kila aliyewahi kuchukua faili kutoka kwako.